Mwaka wa Bwana Karani

Mwanaidi alinipigia simu akiwa ndani ya basi la kutoka Makka. "Mama mdogo, nimeshamaliza umra yangu, nakuja kwako. Usipike sana." Kuniambia mimi nisipike sana ni kama kumwambia mtu asipumue sana. Nilikuwa nimetoka kazini, kwenye hoteli ninayosimamia wasafishaji, ambayo lifti zake zina tabia ya kuugua siku za wageni wengi, na miguu yangu ilikuwa imevimba kama mikate ya mofa. Nikapika. Nilipika wali wa nazi, samaki wa kupaka, mbaazi, na maandazi ya kutosha kikosi cha jeshi pamoja na bendi yake. Halafu nikakaa jikoni kwangu, hapa Al-Nuzha, Jeddah, katika nyumba ambayo ukitaka kufungua friji lazima kwanza ufunge mlango wa choo, nikangoja. Katika kungoja kule ndipo uchovu uliponishukia mzima mzima, na haukuwa uchovu wa ngazi. Nilijua anachokuja kuniuliza.

Mama yake, Bi Hadia, alikuwa amefariki Tanga miezi michache nyuma. Habari ilinikuta na shuka mikononi, nikaendelea kukunja, maana wageni walikuwa wanasubiri vyumba. Nilikaa naye mwaka mmoja tu, chumba kimoja, Aziziya hapa hapa Jeddah. Kuna watu nimekaa nao miaka na miaka na leo siwezi kukumbuka hata sauti zao, lakini huyu mmoja wa mwaka mmoja bado nikifungua kabati namsikia ananiambia nisimame wima. Mwanaidi alifika, akala, akanawa mikono, akakaa kwenye zulia akaegemea mto. Ana uso wa mama yake, ila wa mama yake haukutulia hata usingizini, na wake umetulia kama umepigwa pasi. Akanitazama nikimimina chai.

"Mama mdogo, siku ya harusi yangu mama alikuwa anafanya nini?"

"Si alikwambia?"

"Aliniambia alikuwa anapiga pasi. Baada ya wiki mbili ndiyo akapiga simu, akaniambia hivyo. Mpaka amekufa sikumuuliza tena. Na msibani watu wote walisema, maskini Hadia, alikwenda Uarabuni kufua nguo za watu, hata harusi ya mwanawe hakuiona. Basi. Ndivyo walivyomzika." Akaweka kikombe chini. "Wewe ulikuwepo. Alikuwa anapiga pasi?"

Alikuwa anapiga pasi, hiyo ni kweli tupu. Kuanzia baada ya sala ya alfajiri alipiga pasi. Lakini siku ile ilikuwa na mambo mengine ndani yake, na mwenyewe Bi Hadia alikuwa ameniomba nisiyaseme, na sasa mwenyewe hayupo wa kuniruhusu. Nikaongeza sukari kwenye chai ambayo tayari ilikuwa na sukari ya kutosha kuolea. Nikaanza mbali, kama nilivyozoea, ili nipate muda wa kufikiri.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jiko, kati ya mashine ya kufulia na magunia ya mchele. Nasema chumba kwa heshima. Ukilala ukanyoosha miguu, miguu inaingia jikoni, inapata habari za chakula cha kesho kabla yako. Mashine ile ikifika kwenye kukamua ilikuwa inatembea; asubuhi moja niliamka nikaikuta imesimama kichwani pangu kama askari. Dirisha letu halikutazama nje. Lilitazama kishimo cha hewa kilichopita katikati ya jengo kuanzia paani mpaka chini, na madirisha ya majiko yote yalifungukia humo, kwa hiyo kishimo kile ndicho kilikuwa redio yetu. Humo ulisikia nani kaunguza vitunguu, kafili, yaani mwajiri, wa nani karudi na hasira, nani kaambiwa halas, afungashe. Ghorofa ya tatu alikuwepo msichana wa Nakuru, Shiru, ambaye kwa miezi mingi nilimjua sauti bila kumjua uso. "Rukia, huko kwenu leo mnapika nini? Huku ni kabsa tena. Hii mbuzi nimekula mpaka nitaanza kulia kama mbuzi, aki." Siku hizi wanawake wa mji huu wanaendesha magari yao, na majumba ya sinema yamefunguliwa, na vijana wasichana ninaowasimamia hotelini wananiona mzushi nikiwaambia kwamba kwa mwaka mzima burudani yetu ilikuwa shimo.

Nilimkuta Bi Hadia tayari ameshakaa pale muda. Mimi nilikuwa msichana wa kutetemeka, sijui Kiarabu zaidi ya sala. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mvi ambazo alizifunga kwa kitambaa cheusi. Hakuniuliza natoka wapi wala mtoto wa nani. Aliniuliza, "Unajua kucheka bila kutoa sauti?" Nikasema sijui. "Basi jifunze. Humu ndani utahitaji."

Tulikula baada ya wenye nyumba kumaliza, tumekaa juu ya madebe ya mafuta yaliyopinduliwa, sinia la saliki katikati, wali wa maziwa uliokwisha kupoa na kushikana. Hapo ndipo aliponisimulia maisha yake, kwa vipande, kati ya tonge na tonge. Alikuwa mwigizaji. Si wa televisheni. Alikuwa wa yale makundi ya zamani yaliyotembea mji hadi mji na gari bovu, ambayo kwa tiketi moja yalikupa ngoma, halafu sarakasi, halafu kichekesho, halafu mchezo wenyewe, na mwisho taarabu ya kukusindikiza nyumbani. Namna alivyoingia kwenye kazi hiyo sijapata kuisikia kwa mtu mwingine: aliajiriwa acheke. Mwenye kundi alimsikia akicheka ukumbini, akamwomba awe anakuja kila onyesho akae katikati ya watu, acheke, wengine wapate ujasiri. Alipewa soda na nauli. Baada ya miezi watu wakawa wanageuza viti kumtazama yeye, wanaipa jukwaa mgongo. Mwenye kundi akasema basi, heri apandishwe huko huko juu nipate kuviokoa viti vyangu.

Hawakuwa na maandishi. Mchana, ndani ya gari, mwenye kundi aliwagawia: wewe mume, wewe mke, wewe mwizi, mwisho mwizi anashikwa, mengine mtayajua mbele ya watu. Lakini kichekesho kilikuwa mali ya Bi Hadia peke yake, na kichekesho chake kilikuwa Bwana Karani. Alivaa suruali na koti, mto tumboni, tarabushi kichwani. Bwana Karani ni mtu aliyepata ukarani jana, na leo ardhi yote imekuwa chafu kwake. Anatembea ameshika pindo la nguo kwa vidole viwili, kila hatua kama anavuka tope. Na hakutoka nyuma ya pazia hata siku moja. Aliingia kwa mlango wa watu, ule wa nyuma ya ukumbi, kama mheshimiwa aliyechelewa, akawakanyaga watu miguu na kudai kiti. "Ukitoka nyuma ya pazia, mwanangu, watu wamejiandaa," aliniambia. "Ukiwatokea mgongoni hawana silaha. Halafu ukifika mbele, geuka utafute nyuso. Mchekeshaji bila nyuso ni mtu anayeropoka barabarani."

Kwenye maharusi walimwita kumkagua bibi harusi. Bwana Karani ametumwa na serikali aandike kasoro zake. Anaanzia unyayoni, analamba kidole, anaandika hewani: kisigino kikavu, andika, goti limechongoka, andika, anapanda hivyo hivyo, watu wanagaragara, mpaka anafika usoni. Hapo anakwama. Kidole kinabaki hewani. Anatazama, anatazama, hana la kuandika. Anavua tarabushi, anainamisha kichwa. Amewakagua mabibi harusi wa nusu ya mkoa wa Tanga yule, na robo ya Mombasa. Na tangu Mwanaidi akiwa mtoto wa kujifunza kutembea alimwahidi: siku yako, Karani atakuja na koti jipya.

Halafu zikaja video. Watu wakawa wanakaa majumbani mwa majirani wanatazama watu wa mbali wanapigana mateke. Onyesho la mwisho la kundi lilikuwa Korogwe, na ukumbini walikaa watu kumi na mmoja, watatu kati yao ndio wenye ukumbi. Bi Hadia aliingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida, akatafuta wa kumkanyaga mguu, akakosa. Hiyo sehemu aliisimulia mara moja tu, akiwa anakwangua ukoko.

Mtu wa kwanza kumwona Karani Jeddah, ukiniondoa mimi, alikuwa Sitti, mama yake bosi, bibi kizee wa Kihijazi aliyekuwa akishinda kwenye mto wake ukumbini na kusikia kila kitu isipokuwa alichoitiwa. Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wanaume wamelala. Bi Hadia alikuwa anapiga pasi kanzu ya bosi, mimi nikamwambia sielewi, alitembeaje hasa. Akaivaa ile kanzu ikiwa bado moto, akaanza kuvuka jiko. Alipogeuka, Sitti alikuwa mlangoni na fimbo yake. Nilijiona tayari niko kwenye ndege. Sitti akatazama kanzu ya mwanawe, akatazama vidole viwili vilivyoshika pindo, akasema neno moja kwa Kiarabu: "Tena." Kuanzia hapo kila Ijumaa. Sitti alicheka mpaka nilikuwa nasimama karibu na maji, asije akapaliwa. Kiswahili hakujua hata salamu. Juu kwenye kishimo Shiru alikuwa anapiga kelele, "Aunty Hadia, ongeza sauti, huku hatuoni!"

Mwaka ule naukumbuka kwa kucheka, lakini nikiupima sasa kwa miguu hii ya leo naona ulikuwa mwaka wa kuchoka. Tuliamka tumechoka. Madam Hanan, mke wa bosi, naye alichoka, kwa sababu alikuwa anamwoza binti yake Rahaf kwa watu wa Riyadh, watu wakubwa, na kila simu kutoka Riyadh ilimwacha amekaa kitandani anabonyeza paji la uso. Katikati ya hayo ndiyo ikaja habari kutoka Tanga kwamba Mwanaidi amepata mchumba, na siku imepangwa. Alhamisi ile ile ya Rahaf. Nilikuwa nafuta vioo vya sebuleni, nikawasikia.

"Madam, naomba ruhusa niende nyumbani. Wiki mbili tu. Binti yangu anaolewa, ninaye mmoja."

"Na mimi ninaye mmoja, Hadia."

"Rukia atabaki."

"Rukia anavunja vikombe." Hiyo ilikuwa kweli pia. "Baada ya harusi. Wallahi baada ya harusi nitakupa hata miezi miwili. Kabla, mafi, hakuna."

Pasipoti zilikuwa kwa bosi, kwa hiyo hapakuwa na mazungumzo mengine. Bi Hadia alirudi jikoni akaendelea na pasi yake. Ijumaa iliyofuata Sitti alikuja na fimbo yake, akasimama mlangoni. Bi Hadia akamwambia kwa Kiarabu chake cha jikoni, "Karani amekwenda likizo, Sitti. Yeye kapata ruhusa." Kishimoni Shiru akauliza, "Leo hakuna show?"

"Imefungwa, mwanangu."

"Kwani nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Anaolewa."

Tulikwenda Riyadh kwa gari, siku nzima ya jangwa, nguo zimening'inizwa juu ya vichwa vyetu mpaka nilihisi nasafiri ndani ya kabati. Tulifikia mtaa wa Malaz, nyumba ya dada yake madam, ghorofa za zamani zenye ngazi za marumaru zilizolika katikati. Walitulaza stoo pamoja na masinia ya halua yaliyofungwa kwa karatasi za kung'aa, tukaambiwa tusiguse. Nilikula moja tu, au kumi. Alhamisi tangu alfajiri Bi Hadia alipiga pasi. Mashela, magauni, mabaibui, kanzu za akiba za bosi na za wanawe. Saa ya Riyadh na saa ya Tanga ni moja, ndilo lililomtesa. Alikuwa anasukuma pasi anasema, bila kuniangalia, "Sasa wanamsinga." Anageuza gauni. "Sasa shehe amefika." Kuelekea adhuhuri akasema, "Sasa ni mke wa mtu," akazima pasi, akakaa juu ya sinia la halua, nalo likavunjika, na hakuna aliyecheka.

Ukumbi wa wanawake ulikuwa mkubwa kuliko uwanja wa ndege wa Tanga. Mlangoni walikaa mabibi wawili wakali wanakusanya simu zote zenye kamera, wanazitia kwenye mifuko na kukupa namba, maana humo ndani wanawake wako wazi, nywele, mikono na vito, na picha ikitoka ni fedheha ya ukoo. Sisi tulisimama upande wa jikoni na birika za kahawa. Kulia walikaa watu wa Riyadh, kushoto watu wetu wa Jeddah, na katikati njia ndefu ya zulia inayokwenda mpaka kwenye jukwaa lenye maua na kiti cha bibi harusi. Kiti kilikuwa kitupu, kwa sababu Rahaf hawezi kushuka bila kuimbiwa, na mwimbaji alikuwa amekwama kwenye harusi nyingine upande wa pili wa mji. Wapiga matari wake walikuja, yeye hakuja. Wakati ukaenda. Kahawa ikapita mara ya tatu. Mama wa bwana harusi alikaa wima kama picha ya pasipoti, na watu wake wote wakakaa hivyo hivyo, na Madam Hanan alikuwa anatabasamu huku jasho linamharibu wanja. Nilimhurumia. Harusi ilikuwa inakufa mbele ya macho yake, na maneno yangesemwa miaka kumi.

Sitti akatuita kwa fimbo. "Hadia. Yalla. Kama Ijumaa."

"Sitti, Karani hayupo."

"Mwite."

Bi Hadia aliangalia saa iliyokuwa ukutani juu ya mlango wa jikoni. "Saa hizi ndiyo wanamtoa nje," aliniambia kwa Kiswahili. "Amekalishwa kwenye kiti, watu wanamtazama. Karani hajafika." Halafu akasema, "Lete kanzu."

Nilimvalisha stoo ya ukumbi: kanzu ya bosi, kitambaa chekundu cha kichwani, mto wa kiti tumboni. Nikarudi kusimama pale kwenye mlango wa jikoni, nikingojea atokee ubavuni mwangu. Hakutokea. Na hapa ndipo ninapotaka unielewe, Mwanaidi, maana hili hakulipanga mtu. Mama yako miaka yote aliingia kwa mlango wa watu. Miguu yake haikujua njia nyingine. Alizunguka jengo kwa nje, mabibi wale wa simu hawakuwahi hata kusimama, akaisukuma milango mikubwa, ile mipana, ambayo usiku wa harusi wanaingia watu wawili tu: bibi harusi, na baadaye sana bwana harusi, na yeye akiingia hutangazwa kwanza ili wanawake wajisitiri.

Milango ikafunguka, na mlangoni akasimama mwanamume wa kanzu na tumbo.

Sikuwahi kuona kitu kama kile na sitakiona tena. Taa hazikuzimwa hata moja, lakini ukumbi uliingia giza. Wanawake elfu moja, magauni ya kijani, ya dhahabu, ya waridi, mabega, almasi, kwa kufumba na kufumbua vyote vikawa vyeusi. Mabaibui yalivutwa kutoka chini ya viti, shela zikashuka, asiyekuwa na shela alijificha chini ya kitambaa cha meza pamoja na matunda. Mtu mmoja alipiga ukelele halafu pakawa kimya. Madam Hanan alikuwa amenyanyuka nusu, hakusimama wala hakukaa. Nilijua kwamba akigundua ni Hadia, mbele ya wakwe wale, basi kesho ni uwanja wa ndege, na si kwa likizo.

Bi Hadia alikuwa amesimama kwenye ncha ya zulia. Alitafuta nyuso, hakupata hata moja. Korogwe walikuwa kumi na mmoja lakini walikuwa na nyuso. Angeweza kuvua kile kitambaa cha kichwa, akaomba radhi, wakajua ni mtumishi aliyekosea mlango. Badala yake akashika pindo la kanzu kwa vidole viwili, akaangalia lile zulia la thamani kana kwamba limemwagiwa maji ya samaki, akanyanyua mguu.

Hatua tatu, kimya. Ya nne akamkanyaga mtu mguu, mama mmoja mnene wa upande wa Riyadh, akamtazama yeye kwa lawama, kwamba kwa nini mguu wake uko chini. Hapo nikasikia sauti ya Sitti. Alicheka kile kicheko chake cha Ijumaa, akatupa shela nyuma ya kichwa, akasema kwa nguvu, "Ni mwanamke, enyi wajinga, ni Hadia wetu." Uso wa kwanza ukawa huo. Halafu yule mama mnene akafunua wake, anacheka na kushika mguu. Halafu mwingine, na mwingine, pande zote mbili, kama taa za mtaa zinavyowaka jioni, moja hapa, moja kule. Wa mwisho alikuwa mama wa bwana harusi. Alifunua akiwa amebana midomo, lakini mabega yake yalikuwa yanaruka, na alipoona ameonekana aliachia tu, akamwegemea Madam Hanan wa watu, na wote wawili wakawa wanafutana machozi kwa leso moja.

Karani hakuwa na habari nao. Alikuwa amefika jukwaani, mbele ya kiti kitupu. Akakizunguka. Akalamba kidole.

"Mwanaidi binti yangu," akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya puani. "Serikali imenituma. Kisigino kikavu, andika. Goti hili kaanguka mwembeni alipokuwa mtoro wa chuo cha Kurani, andika. Mkono wa kushoto una kovu la chungu cha ubwabwa, nilimwambia asiguse, andika." Ukumbi mzima ulikuwa unabingirika kwa namna anavyolamba kidole na anavyochukizwa na hewa. Hawakuelewa neno. Katika wanawake wote wale aliyeelewa nilikuwa mimi peke yangu, na birika la kahawa linamwagika kwenye kiatu changu. Akapanda, bega, shingo, kidevu. Akafika pale ambapo uso wa mtu ungekuwa kama angekuwepo mtu. Kidole kikabaki hewani. Walicheka, halafu kicheko kikapungua chenyewe, maana alikaa hivyo muda mrefu kuliko Ijumaa yoyote. Akavua kitambaa cha kichwani, mvi zake zikawa nje. Akainamisha kichwa mbele ya kile kiti. Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani Tanga vilisikika.

Mwimbaji alifika muda si mrefu, matari yakaanza, Rahaf akashuka, na pande mbili zilikuwa zimeshachanganyika kwenye meza. Nilimkuta Bi Hadia jikoni, amekaa juu ya kreti la soda, mto bado uko tumboni.

"Umeziona nyuso?" akaniuliza.

"Nimeziona zote."

"Mwanzo sikuona kitu. Nilikuwa natembea kuelekea ukutani." Akautoa mto, akaupapasa. "Usimwambie Mwanaidi."

"Nisimwambie nini? Si jambo zuri?"

"Atauliza kwa nini mtoto wa watu amepata na yeye hakupata. Mwambie nilipiga pasi."

Madam Hanan hakulitaja jambo lile, wala kwa shukrani wala kwa hasira. Tulirudi Jeddah, na baada ya wiki chache Bi Hadia alipewa pasipoti yake na ruhusa ya miezi miwili. Alipofika Tanga hakurudi tena. Kuna watu huniuliza nilipata wapi uso wa kuingia shule ya jioni nikiwa mtu mzima, nikakaa dawati moja na watoto wa dada zangu, mpaka nikapata cheti changu. Niliingia kwa mlango wa nyuma, nimeshika pindo la baibui, nikamkanyaga mtu mguu. Sikuwa na mbinu nyingine.

Nilipomaliza kusimulia chai ilikuwa imepoa na Mwanaidi hakuwa amesogea. Nilijisikia nimechoka kama niliyepanda ngazi zote za ile hoteli na mashuka kichwani. Sikujua kama nimempa kitu au nimemnyang'anya.

"Una picha?" akauliza.

"Simu zilikusanywa mlangoni, mwanangu. Hakuna picha."

"Hata ya mtu mwingine?"

"Hakuna."

"Basi nitajuaje?" Hakusema kwa ukali. "Mama alikuwa akisema, Rukia akiona paka wawili anasimulia simba."

"Ni kweli," nikasema. "Huenda hawakuwa elfu moja. Huenda walikuwa mia tatu. Lakini kiti ni kweli. Na jina lako ni kweli. Kovu la chungu mimi ningelijulia wapi?"

Akautazama mkono wake wa kushoto, akavuta mkono wa gauni ukafunika kifundo. Nje majirani walikuwa wanashusha maji ya kunywa kutoka kwenye gari, wanagombana juu ya lifti.

"Alitembeaje?" akasema.

Nikainuka. Magoti yangu yalilia kama bawaba. Nikashika pindo la dera kwa vidole viwili, nikavuka zulia kutoka kwenye friji mpaka mlangoni, kila hatua kama navuka tope. Nilijitahidi. Nilipogeuka alikuwa anatikisa kichwa.

"Sivyo, Mama mdogo. Wewe unakwepa uchafu. Yeye alikuwa anausamehe." Akasimama. Akajifunga mtandio wake kichwani namna ya kilemba, akatoka nje ya mlango wa nyumba kabisa, akaufunga. Nikabaki peke yangu na maandazi yangu. Halafu mlango ukasukumwa, na huyo hapo, mtu wa kutulia, mhasibu wa watu, kidevu juu, vidole viwili kwenye pindo, anaitazama nyumba yangu kwa huruma kubwa. Akaja. Akanikanyaga mguu uliovimba. Akanizunguka, akalamba kidole.

Nilivuta ushungi nikajifunika uso wote, kama wale wanawake wa Riyadh, maana sikutaka aone kilichokuwa kinanitoka.

"Funua, Mama mdogo," nikasikia anasema, kwa sauti ya puani. "Siwezi kufanya kazi bila uso."